Maisha ya Afande hayakuwa Kagera tu

Kwetu Pemba mtu akifariki alfajiri, mara nyingi baada ya adhuhuri au alasiri ameshazikwa. Ndiyo sunna, na ndiyo heshima ya maiti, wala sitaki ibadilike. Lakini kwa sisi tunaoshughulika na kumbukumbu za wazee ina maana yake: wasifu wa marehemu huandikwa kwa saa mbili tatu, na mtu ambaye moyo wake haupo hapo, huku wenziwe wanatafuta sanda, wengine wanachimba kaburi, na simu hainyamazi. Anaandika kinachomjia haraka. Na kwa mzee aliyewahi kuvaa gwanda, kinachokuja haraka ni jeshi.

Kazi yangu ni kukusanya historia simulizi, Unguja na Pemba. Mmoja wa wazee niliokaa naye sana, mkaazi wa upande wa Wete, ametutoka karibuni. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Jina lake silitaji hapa, hiyo ni haki ya wanawe. Mtaani aliitwa Afande mpaka siku ya mwisho, hata na watoto wasiojua jina hilo alilipata wapi. Ujumbe wa msiba uliosambaa kwenye simu ulisema alizaliwa, akaingia jeshini, akapigana Vita vya Kagera, akastaafu, ameacha mjane, watoto na wajukuu. Hakuna uongo ndani yake. Ila vita ile haikufika mwaka mzima, na mzee ameishi karibu miaka themanini. Nataka kueleza namna ya kuyapata hayo mengine, maana nyumba nyingi visiwani zina mzee wa namna hii, na wengi wao, alhamdulillahi, bado tunao.

Mwanzo ni mwaka wa kuzaliwa, na hapo nisikawie. Wazee wa rika lake wengi hawana cheti, au karatasi mbili zinasema miaka miwili tofauti. Usimuulize mwaka. Muulize alikuwa mkubwa kiasi gani lilipotokea jambo ambalo tarehe yake inajulikana. Afande alikumbuka kwamba katika uchaguzi wa Juni 1961, ule uliofuatiwa na ghasia kule Unguja, sauti yake ndiyo kwanza ilikuwa inavunjika, na baba yake alikuwa ameanza kumwachia apande mkarafuu mpaka kileleni. Siku ya Mapinduzi, 12 Januari 1964, alikuwa kijana anayeweza kubeba gunia. Weka yote mawili pamoja, unapata 1946 au 1947, na ukiandika "takriban" mbele yake umesema kweli.

Vita ndiyo sehemu ambayo kila mtu anataka kuisikia, na ndiyo inayoharibiwa zaidi na maswali yetu. Mjukuu anakaa mbele ya babu na kumuuliza, "Uliua wangapi?" Mzee anacheka kidogo, anatazama pembeni, mazungumzo yamekwisha. Mimi huanza na njia. Ulitoka hapa kwa chombo gani? Mlilala wapi? Mlikula nini? Majeshi ya Idi Amin yalivamia Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978, daraja la Kyaka likavunjwa mwanzoni mwa Novemba, na Mwalimu Nyerere akalitangazia taifa kuwa sababu, nia na uwezo wa kumpiga tunavyo. Hayo yamo vitabuni. Ambacho hakimo ni kijana wa Pemba, aliyezoea joto la pwani, akielezea baridi ya usiku kando ya Mto Kagera, na jinsi alivyojifunza kulala na viatu. Alisema tope la Lukaya, ndani ya Uganda, Machi 1979, lilimchosha kuliko kitu chochote alichokibeba. Kampala ilipoanguka tarehe 11 Aprili, alichokikumbuka ni kwamba alipata maji ya kuoga.

Kuna mahali alinyamaza. Alitaja rafiki mmoja wa kikosi chake, akasema "yeye alibaki", basi. Sikumfuata huko. Najua wapo wakusanyaji wanaoamini kwamba ukimya ni lazima uvunjwe ili historia ikamilike. Mimi siamini hivyo. Makaburi ya askari wa vita ile kule Kaboya, Muleba, yana majina ya waliozikwa, na mzee ana haki ya kumweka rafiki yake moyoni bila kumtoa kwenye kinasa sauti changu. Nimeandika kwenye daftari: hapa alinyamaza. Hiyo nayo ni kumbukumbu.

Nusu nyengine ya vita ilikuwa uani. Bi mkubwa wake, ambaye sasa yuko eda, alinisimulia akiwa anachambua mchele, na nashukuru kwamba mimi ni mwanamke na niliweza kukaa naye jikoni. Mume alipoondoka alikuwa na watoto watatu na mmoja tumboni. Karafuu hazingojei mtu: zikishaiva lazima zichumwe kabla hazijafunguka maua, zichambuliwe vikonyo, zianikwe juani siku kadhaa mpaka ziwe nyeusi na kavu, na mvua ikitishia, majamvi yakunjwe mbio. Aliifanya kazi hiyo na shemeji zake na mama mkwe. Barua zilikuja kwa kuchelewa, na aliyezisoma ni mtoto wa jirani aliyekuwa skuli. Bi mkubwa aliniambia kuwa mtoto yule alijifunza kuruka mistari. Akifika pabaya anasita, anameza mate, anasoma "anakusalimu sana". Naye bi mkubwa alikuwa akijua, akaitikia salamu.

Ukiandika wasifu wa askari bila mke wake umeandika nusu mtu. Nalisema hili kwa uchungu kwa sababu nimesoma tanzia nyingi ambamo mjane ametajwa kwa neno moja tu, "mjane".

Kwa upande wa familia, chanzo kimoja kizuri kiko wazi kwa kila mtu na hatukithamini: tangazo la kifo la redioni. Visiwani tumezoea kunyamaza likisomwa. Sikiliza lilivyopangwa. Marehemu ni baba wa fulani na fulani, ni kaka wa fulani wa Konde, ni mjomba wa fulani wa Mkoani, ni ami wa fulani aliyeko Dar es Salaam, maziko ni saa fulani, mahali fulani. Ndani ya dakika moja umepewa ukoo mzima na mahali ulipotawanyika. Nawashauri wenye msiba waitunze ile karatasi iliyopelekwa redioni. Katika tangazo la Afande walitajwa kama wanawe watu wawili ambao hakuwazaa. Ni watoto wa yule rafiki "aliyebaki". Aliwaozesha yeye.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo ujumbe wa simu haukuligusa kabisa, nalo kwangu ndilo kubwa zaidi. Kuanzia 2001 Zanzibar iligawa dawa za matende na mabusha kwa watu wote, nyumba kwa nyumba, kila mwaka kwa miaka kadhaa. Ugonjwa huu husababishwa na vijidudu vya minyoo vinavyoenezwa na mbu, na mtu anaweza kuwa navyo damuni miaka mingi bila dalili. Kwa hiyo haitoshi kumtibu aliyevimba mguu. Lazima jamii nzima imeze, wazima na wagonjwa, ili mbu asipate cha kuchukua. Dawa zilikuwa mbili, albendazoli na ivermektini. Ya kwanza ni kidonge kimoja. Ya pili hutolewa kwa urefu wa mtu, kwa sababu mizani ya uzito huwezi kuibeba kijiji kizima. Basi mgawaji hutembea na fimbo yenye alama: ukifika hapa, kimoja, hapa, viwili, na kuendelea. Mtoto asiyefika sentimita 90 hapewi, wala mama mjamzito.

Afande alikuwa mgawaji wa shehia yake. Watu waliogopa, maana kumpa dawa mtu asiyeumwa si jambo dogo. Siku ya kuanza alikaa kwenye baraza ya msikiti baada ya swala, akasimama penye fimbo, akapimwa na mwenzake, akameza vidonge vyake mbele ya kila mtu, kisha akabaki pale pale akizungumza mpaka alasiri ili wamwone. Ndipo wakaanza kumfungulia milango. Fimbo hiyo nimeishika. Imekaa nyuma ya mlango wa chumba chake, rangi za alama zimefifia pale vidole viliposhika. Upande wa pili kuna mistari ya penseli, na kila mstari una herufi moja: ni urefu wa wajukuu.

Na alipohitajika tena alikuwepo. Usiku wa kuamkia 10 Septemba 2011, MV Spice Islander ilipozama karibu na Nungwi ikielekea Pemba, ilikuwa imejaza watu kupita kiwango na orodha ya abiria haikuwa ya kutegemewa. Asubuhi Afande alichukua daftari, akapita nyumba kwa nyumba akiandika nani aliaga kwamba anarudi kwa meli ile, umri wake, amevaa nini kama anajua mtu. Sheha alipotaka majina, yalikuwepo. Daftari hilo nimeliomba familia walitunze mbali na macho ya wapita njia, kwa sababu kila jina mle ni msiba wa nyumba.

Haya yote sikuyapata kwake. Yeye ukimuuliza kuhusu dawa alisema, "Tuligawa." Yamesemwa na majirani, na wanawake hasa, wanaojua nani alikuja mlangoni. Kwa hiyo mwenye mzee wa kujitolea awaulize walionufaika naye, na awaulize mapema, kwani nao wanazeeka.

Kuhusu kuhifadhi, machache. Picha za zamani msizipake plastiki ya moto. Joto na gundi huziharibu na hakuna kurudi nyuma. Andikeni majina nyuma kwa penseli laini, msitumie kalamu ya wino. Wekeni karatasi kwenye bahasha za karatasi, sio mifuko ya nailoni, kwani hewa yetu ya bahari ina unyevu na nailoni huufungia ndani. Sauti mlizorekodi kwa simu zipeni jina la anayezungumza, mahali na tarehe siku hiyo hiyo, mkahifadhi nakala mahali pengine. Na kama familia inaridhia, zungumzeni na watu wa Nyaraka za Taifa za Zanzibar, kule Kilimani, Unguja, wapate nakala.

Binti yake mkubwa ameamua kuandika wasifu upya kwa ajili ya khitma ya arubaini. Kurasa za nyumbani ameshazijaza kwa msaada wa mama yake na shangazi zake. Anachotafuta sasa ni wazee waliotoka Wete, Konde na Micheweni wakavuka Kagera wakati ule, wamwambie baba yake alikuwa mtu wa namna gani alipokuwa mbali na nyumbani. Kama unamjua mmoja, mwambie kwamba maswali yataanza na chombo walichopanda.