Dhana katika fidia ya askari wastaafu: maana yake

Kisheria, dhana ni jambo linalokubaliwa kuwa kweli bila mdai kutakiwa kulithibitisha. Mshtakiwa hudhaniwa hana hatia hata kama mtaa mzima umeshamhukumu. Kwa askari wastaafu wa Marekani waliougua baada ya kuishi kwenye kambi zenye sumu, neno hilo ndilo linaloamua nani alipwe na nani atoke mikono mitupu.

Chukua Camp Lejeune, kambi ya kikosi cha Marine cha jeshi la Marekani huko North Carolina. Maji ya bomba pale yaliingiwa na kemikali: trikloroethilini ya kuondolea grisi kwenye vyuma, perkloroethilini iliyotoka kwa dobi jirani na kambi, benzini iliyovuja kwenye matangi ya mafuta. Watu waliyanywa, wakayapikia, wakawakorogea watoto maziwa ya kopo. Hata aliyeoga tu aliivuta sumu hiyo, maana hupanda pamoja na mvuke wa maji ya moto.

Miaka 30 baadaye mtu anaambiwa ana saratani ya figo. Athibitishe vipi? Nani aliweka maji ya mwaka 1975 kwenye chupa ili ayapeleke maabara?

Hapo ndipo dhana inapomfaa. Tangu 2017, askari aliyekaa Lejeune jumla ya siku 30 kati ya Agosti 1953 na Desemba 1987, kisha akapata mojawapo ya magonjwa 8 yaliyotajwa, yakiwemo saratani ya damu, ya ini na ugonjwa wa Parkinson, huhesabiwa ameugua kwa sababu ya utumishi. Analeta kumbukumbu za jeshi na vipimo vya daktari, basi. Mwenye ugonjwa usiotajwa anaweza kudai, ila kiungo kati ya maji na maradhi yake atakitafuta mwenyewe, na huo ni mlima.

Haya yalipiganiwa. Jerry Ensminger, aliyekuwa sajini wa Marine, alimzika binti yake Janey mwaka 1985 kwa saratani ya damu. Mtoto alikuwa na miaka 9. Sheria ya 2012 ya matibabu kwa waathirika wa Lejeune na familia zao ina jina la Janey.

Mwaka 2022 sheria ya PACT iliipeleka dhana hadi kwa waliovuta moshi wa mashimo ya kuchomea taka kwenye kambi za jeshi Iraki, Afghanistan, na hapa jirani Somalia na Djibouti. Lakini inamhusu askari wa Marekani peke yake. Msomali aliyevuta moshi uleule hayumo.