Je, wajua kwa nini filamu za kwanza za Uingereza zimejaa watu wanaotoka kazini?

Ukitazama filamu zilizopigwa Uingereza enzi za Mfalme Edward VII, aliyetawala kuanzia 1901 hadi 1910, utaona jambo moja likijirudia. Geti la kiwanda linafunguliwa, umati unamiminika. Wanawake wamejitanda shali, wanaume wana kofia, watoto wanasukumana mbele ya kamera. Hakuna hadithi wala mwigizaji. Sasa nani angetoa pesa yake kuangalia watu wanaokwenda zao nyumbani?

Hao hao waliopigwa picha.

Sagar Mitchell na James Kenyon, wapiga filamu wa mji wa Blackburn, kaskazini mwa Uingereza, waliijua vizuri biashara hiyo. Wenye maonyesho waliozunguka na mahema mji hadi mji waliwaagiza filamu za mahali hapohapo, na matangazo yakawaita watu waje wajione wenyewe. Kila uso ulikuwa tiketi, na mwenye uso huo hakuja peke yake: alimleta mama, mke na jirani. Ndiyo maana kamera ikategwa getini, kwani wapi tena nyuso mia kadhaa zingepita kwa dakika chache? Palipokuwa na mechi ya mpira au maandamano ya kanisa, walikwenda huko pia. Mara nyingine mwenye onyesho mwenyewe anaonekana ndani ya picha, akiwapanga watu. Aliyewahi kukaa na wageni kutazama video ya harusi anaelewa: maharusi watapita, lakini kila mtu anangoja meza yake ifike.

Wale watoto getini, usidhani wote walikuja kushangaa tu. Sheria iliruhusu mtoto wa miaka 12 kufanya kazi kiwandani nusu siku na kwenda shule nusu nyingine.

Na ule mwendo wa mbiombio unaouona katika filamu hizi za zamani? Kamera ilizungushwa kwa mkono, takriban picha 16 kwa sekunde. Ukiuonyesha mkanda huo kwa mashine ya picha 24, hata kikongwe atatembea kama anafukuzwa.

Mji ukishajitazama, mkanda ulikuwa umemaliza kazi. Mikanda zaidi ya 800 ya Mitchell na Kenyon ilibaki ndani ya mapipa ya chuma, chini ya duka la zamani la Mitchell, hadi mafundi walipoikuta mwaka 1994. Ilikuwa ya naitreti, kitu kinachoshika moto upesi na kuoza kikiachwa. Mpenzi mmoja wa filamu wa mjini humo aliihifadhi kwenye friza kwa miaka kadhaa, kisha mwaka 2000 ikapelekwa Taasisi ya Filamu ya Uingereza, ambako ilisafishwa na kunakiliwa. Leo wale wafanyakazi wa Blackburn wanatoka getini kwenye simu yako, bila tiketi.