Sitavaa lubega ili unitambue

Juzi tena, kwenye maonyesho yangu ya video na sauti. Nimeshafunga projekta, spika mbili ziko nyuma ya pazia, mimi nimejikunja chini natafuta waya unaokoroma, anaingia kaka mmoja simu mkononi. Anautazama uso wangu ukutani kama sekunde kumi hivi. "Dada, kazi nzuri. Lakini si umeandika inakuhusu wewe? Mbona Uchaga siuoni?"

Hapa Moshi ni Uchaga. Nikipeleka kazi Arusha ni Umasai, hata kama sina Mmasai ukoo mzima. Wanaouliza wanaamini utambulisho ni kitu unacho tayari, kama kitambulisho cha NIDA, na kazi ya msanii ni kukitoa mfukoni. Vazi la kabila, mlima kwa nyuma, ngoma kidogo kwa mbali. Imeisha hiyo.

Mavazi nitayapita haraka maana nimeshayasema hadi nimechoka. Kabla ya lubega za vitambaa vya madukani, Wamasai walivaa ngozi. Kitenge ni Waholanzi wakiiga batiki ya Java. Picha za Tingatinga ambazo mgeni anauziwa Arusha kama "sanaa ya kale" zilianza Dar es Salaam mwaka 1968, kwa rangi ya mafuta ileile ya kupakia milango. Sisemi si vyetu. Vyetu kabisa, tumevivaa na tumevichora. Ila usinitume huko nikakuletee asili.

Kinachonichemsha hasa ni sauti. "Picha iko poa, weka na kamuziki hapo chini." Chini ya nini? Nani kasema sauti inakaa chini?

Kaa nikueleze. Ukiongea unajisikia kwa njia mbili: hewani kupitia sikio, na ndani kwa ndani kupitia mifupa ya fuvu. Mifupa inabeba zaidi ile sauti nzito. Maikrofoni haina fuvu lako, inachukua ya hewani peke yake. Ndiyo maana ukijisikia kwenye ujumbe wa WhatsApp unasema "jamani, hako kasauti ni mimi?" Ndiyo, ni wewe, na sisi wengine wote tumekuwa tukikasikia hako hako siku zote. Sura nayo vilevile. Unayoijua ni ya kioo, kulia kumekaa kushoto, na kamera ya mbele ya simu inakuonyesha kama kioo ili usishtuke. Zima huo ugeuzaji ujitazame. Pua imehama.

Kwa hiyo sauti yako uijuavyo hakuna mwingine aliyewahi kuisikia, na sura yako uijuavyo watu wanaiona kinyume. Halafu unaniambia "jionyeshe ulivyo". Nilivyo kwa sikio la nani?

Hapo ndipo video, picha na sauti zinapopata kazi pamoja, na kazi yenyewe si kurembana. Nikiziacha zibishane, picha ikidai hivi na sauti ikikataa, mtu anaanza kuonekana katikati. Zikikubaliana sana umetengeneza tangazo la benki. Mpiga picha Samuel Fosso alifungua studio Bangui, Jamhuri ya Afrika ya Kati, mwaka 1975 akiwa na miaka 13, na filamu iliyobaki baada ya wateja akawa anajipiga mwenyewe, nyingine za kumtumia bibi yake Nigeria. Mwaka 2008 akajipiga akiwa Martin Luther King, akiwa Angela Davis, akiwa Nkrumah. Uso ni wake, watu si yeye. Kwa macho yangu hajawahi kujisema wazi kuliko hapo. Na hiyo ni picha kavu, hata sauti haina!

Sasa turudi kwa yule kaka. Video yangu ina dakika nne, uso wangu tu, haujageuzwa. Sauti ina dakika saba: bibi yangu anamenya ndizi kihambani kule Kibosho, maji ya mfongo, ule mfereji wa shambani, yanapita, anaongea, mahali fulani anacheka. Uchaga upo humo umejaa tele, kaka yangu. Ulikuja kuutafuta kwa macho.

Ingawa hapa nina lawama yangu mwenyewe. Mimi nimekulia Pasua, hapa Moshi mjini, kwa Kiswahili, na maneno ya bibi naokota nusu. Ile nusu nyingine naipenda kwa mlio wake tu. Je, si ndicho kilekile ninachowagombeza wenzangu, kamuziki ka asili? Nimejaribu kuweka tafsiri chini ya video nikaitoa, nikairudisha, nikaitoa. Bibi nilimwomba ruhusa akakubali, lakini nilipomwekea ile sauti akasikiliza kidogo akasema huyo ni marehemu dada yake. Nikamwambia ni wewe bibi. Akakataa. Sijui ruhusa hiyo kanipa nani.

Vipande viwili nimevifungua kila kimoja kwenye kichezeshi chake, vinajirudia bila kungojana. Nne na saba: vinakutana palepale vilipoanzia kila baada ya dakika 28. Nawasha upya kila asubuhi maana vichezeshi vinapishana kidogo kidogo. Wageni wengi hukaa dakika mbili, wanajipiga selfi mbele ya uso wangu, wanaondoka.

Jana jioni nakunja nyaya, mlinzi akaniuliza kama nilipanga makusudi. Nini? "Yule bibi akicheka, wewe unafumba macho. Si kila mara lakini. Inakuja kama kila nusu saa, mimi huwa naisubiri."

Sikuwa nimepanga. Sikuwa hata nimeona.