Kioo cha gari la paa la kukunja: mota hulaumiwa bure

Kioo kikidumbukia ndani ya mlango, mwenye gari anaingia gereji akiwa ameshatoa hukumu: mota imekufa. Mara nyingi mota ni nzima kabisa. Kilichokufa ni kitelezi, kipande cha plastiki cha bei ndogo kilichokaa kati ya mota na kioo, na kwenye magari ya paa la kukunja kipande hicho kinabeba mzigo mkubwa kuliko watu wanavyodhani. Magari haya si mengi Mwanza, lakini yapo, na mengi yanafanya kazi ya harusi. Ukiona msafara wa Jumamosi unashuka kuelekea Capri Point kupiga picha na gari la mbele liko wazi, jua kuna fundi mahali fulani anayehangaika na vioo vyake.

Tofauti yake na gari la kawaida iko hivi. Kwenye IST au Noah, mlango una fremu ya chuma inayokizunguka kioo. Kioo kinapopanda kinaingia kwenye mfereji wa raba, na hata mashine ya kioo, yaani mota, waya, reli na vitelezi vinavyokibeba, ikiwa imelegea kidogo, fremu inakinyoosha. Gari la paa la kukunja halina fremu hiyo. Fungua mlango kioo kikiwa juu, utakikuta kimesimama chenyewe, hakijashikwa popote isipokuwa chini, ndani ya mlango. Kwa hiyo mashine ya kioo hapa ina kazi mbili: kukipandisha na kukishusha kioo, na kukiegemeza kwenye raba ya paa kwa pembe iliyo sahihi. Fundi akitengeneza ya kwanza akaiacha ya pili, mteja anaondoka na kioo kinachopanda vizuri na maji yanayoingia vizuri vilevile. Wenye Subaru Forester za vizazi viwili vya mwanzo wananielewa, maana paa lao ni la chuma lakini milango yao nayo haina fremu, na karibu yote ninayoyaandika hapa yanawahusu.

Tuanze na kupima, kabla ya kufungua hata skrubu moja. Mota ya kioo ni mota ndogo ya volti 12 yenye nyaya mbili za kuiendesha. Moto ukipita upande huu inazunguka kupandisha, ukigeuzwa inazunguka kushusha. Ndani yake kuna gia ya umbo la skrubu inayosukuma gurudumu la meno. Skrubu inaweza kulizungusha gurudumu, lakini gurudumu haliwezi kuizungusha skrubu, na ndiyo sababu huwezi kukisukuma kioo kizima chini kwa mkono. Hicho ndicho kipimo changu cha kwanza. Nakishika kioo kwa viganja viwili na kukisukuma taratibu. Kikishuka, au kikiyumba mbele na nyuma, basi kimeachana na mota: ama waya wa chuma unaokivuta umekatika, ama kitelezi kimevunjika. Hapo kununua mota ni kutupa hela.

Halafu nasikiliza. Ukibonyeza swichi ukasikia mota inavuma na kioo hakiendi, jibu ni lilelile. Ukisikia mkwaruzo na kukatakata, waya wa chuma umejikunja kwenye ngoma yake, ile unapojiviringisha, au meno ya gia yameliwa. Kukiwa kimya kabisa, nenda kwenye fyuzi, kisha swichi, kisha ule mpira wa kikunjo unaopitisha nyaya kutoka kwenye bodi kuingia mlangoni. Milango ya magari ya milango miwili ni mirefu na mizito, nyaya zile zinakunjwa kila mlango unapofunguliwa, na hukatika ndani ya ganda huku kwa nje zikionekana salama. Pima volti kwenye soketi ya mota huku mwenzako amebonyeza swichi na mota imeunganishwa. Kama betri ina 12.6 na kwenye mota inafika 9, ugonjwa uko njiani.

Kuna jambo moja hapa linalowaponza vijana wengi. Mota nyingi zina kinga ya joto ndani. Kioo kikikwama na mtu akaendelea kushikilia swichi, kinga inakata moto. Mota inakuwa kimya, mtu anaipima, haizunguki, anaitangaza imekufa. Iache ipoe dakika kadhaa, kisha uipe moto moja kwa moja kutoka kwenye betri. Mota nzima nyingi zimeishia kwenye chuma chakavu kwa kukosa subira hiyo.

Mfano wa karibu ni kigari cha viti viwili cha mteja wangu anayekodisha magari ya harusi. Kioo cha dereva kilikuwa kimelala ndani ya mlango, na kwa juu mtu alikuwa amekipigia kabari ya mbao ili kikae. Hicho kigari kilikuwa kimepitia gereji nyingine. Nilipofungua nikakuta kitelezi kimevunjika na kimepakwa gundi ya haraka, ile inayouzwa kila duka. Nieleze kwa nini gundi ile haidumu. Vitelezi hivi vimetengenezwa kwa nailoni au plastiki nyingine ngumu yenye utelezi, na imechaguliwa kwa sababu ya utelezi huo ili ipite kwenye reli bila kukwaruza. Kitu kilichotengenezwa kisishikwe na kitu hakishikwi vizuri na gundi. Itakaa siku unayokabidhi gari, kisha itaachia.

Kitelezi chenyewe kilikuwa kipande cheupe cha ukubwa wa kiberiti, chenye mfereji pembeni wa kupita kwenye reli na tundu la kunasa kichwa cha waya wa chuma. Kilikuwa kimepasuka hapo hapo kwenye tundu. Reli ilikuwa na grisi ya zamani iliyogeuka rangi ya kahawia na kuganda, imechanganyika na vumbi la barabara zetu za changarawe. Kioo kilikuwa kizito kupanda kwa muda mrefu, mota ikaendelea kuvuta kwa nguvu zake zote, na kwenye mnyororo mzima wa mota, ngoma, waya, puli na kitelezi, plastiki ndiyo iliyokuwa dhaifu kuliko vyote. Kioo kinachopanda polepole kinaomba kusafishwa. Kikihudumiwa hapo, kitelezi kinapona.

Sasa kufungua. Toa waya wa hasi wa betri, usubiri dakika chache kabla ya kugusa chochote, hasa ukiona soketi za rangi ya njano ndani ya mlango au chini ya kiti. Hizo ni za mfuko wa hewa, na magari mengi ya aina hii yana mfuko wa pembeni. Kava la mlango linatoka kwa skrubu chache zilizofichwa nyuma ya kishikio na klipu kuzunguka ukingo. Nyuma yake kuna karatasi ya plastiki iliyobandikwa kwa gundi nyeusi yenye mnato. Usiichane. Maji ya mvua huingia ndani ya mlango kila siku kupitia mwanya wa kioo, na mlango umetengenezwa uyapokee na kuyatoa kwenye matundu ya chini. Karatasi ile ndiyo inayoyazuia yasihamie kwenye kava, spika na zulia. Ikichanika, mteja atarudi analalamikia raba za paa wakati maji yanapita kwingine kabisa. Safisha na matundu ya chini ukiwa hapo. Magari yanayolala karibu na ziwa nayakuta yamejaa tope la vumbi na wale wadudu wa ziwani wanaofuata taa usiku, maji yamesimama ndani, na bolti za reli zimeshika kutu.

Kwenye gari la kawaida, fundi anakivuta kioo juu na kukibandika kwa tepu kwenye fremu, kisha anatoa mashine kwa nafasi. Hapa hakuna fremu ya kubandika. Mimi nakitoa kioo chote. Nafungua bolti zinazokishika kwenye vitelezi, nakiinua kwa mikono miwili kikiwa kimeinamia mbele, na nakilaza juu ya blanketi. Kisiwekwe kwenye sakafu ya saruji hata kwa dakika moja, maana kioo cha mlango ni kioo kilichoimarishwa kwa joto, kina nguvu usoni lakini kikigongwa ukingoni kinasambaratika chote kwa mpigo. Kabla ya kulegeza bolti yoyote, chora mstari kuizunguka kwa kalamu ya wino mzito. Alama hizo zitakuokolea nusu ya siku.

Na tahadhari ya vidole. Mashine ya waya ina nyuzi nyembamba za chuma, na waya ukishaanza kuchanika zinachoma mpaka kwenye mfupa, kwa hiyo vaa glavu. Mashine ya mikono, ile inayofunguka kama mkasi, ina springi nzito iliyojikunja kusaidia kuinua kioo. Ukifungua mota bila kuufunga mkono wa mashine kwanza, springi inaachia na meno yanakata kidole. Funga mkono ule kwa bolti au kibano, ndipo uguse mota.

Kitelezi kipya kikipatikana, nunua kitelezi. Kisipopatikana peke yake, nunua mashine nzima, ila agiza kwa namba ya chesi. Mlango wa gari la paa la kukunja mara nyingi ni mrefu kuliko wa ndugu yake mwenye paa la chuma, na mashine zao haziingiliani hata kama jina la gari ni moja. Spea hizi kwa kawaida tunaziagiza Dar es Salaam, Gerezani, zinakuja kwa basi, na kurudisha iliyokosewa ni usumbufu wa wiki. Kwa kile kigari cha harusi nilipeleka kipande kilichovunjika kwa fundi wa kuchonga Nyakato, akachonga kingine kutoka kwenye nondo ya nailoni, kinene kidogo pale penye tundu. Njia hiyo naiamini, mradi upana wa mfereji upimwe kwa kaliba.

Safisha reli mpaka chuma kionekane, kisha paka grisi ya silikoni, kiasi kidogo tu. Raba za kioo zipulizie silikoni pia. Oili ya injini ni adui hapa: inavimbisha raba na kukusanya vumbi, na mwaka haupiti kioo kinakuwa kizito tena.

Kuseti kioo ndiko kunakotofautisha kazi na kazi. Kuna mipangilio mitatu: kioo kinaishia wapi kwa juu, kimekaa mbele au nyuma kiasi gani, na kimelalia ndani kwa pembe ipi. Pembe ndiyo ngumu. Inarekebishwa kwa bolti za chini ya reli: ukisogeza mguu wa reli kwenda nje, kichwa cha kioo kinakuja ndani. Robo ya mzunguko inaonekana juu, kwa hiyo usizungushe kwa pupa. Anza na alama zako, paa likiwa limefungwa na kubanwa kabisa. Funga mlango kwa mkono taratibu huku ukitazama ukingo wa kioo unavyokutana na raba. Kikigonga raba kwa chini na kuisukuma juu, kipo juu mno. Kikigusa nyuma kabla ya mbele, kimelala.

Kisha chukua kipande cha karatasi, kiweke kati ya kioo na raba, funga mlango, ukivute. Kinatakiwa kitoke kwa kukaza. Rudia kila sehemu, kuanzia kona ya mbele, penye kioo cha kutazamia nyuma, mpaka mwisho wa dirisha. Kinapotoka bila upinzani, maji yatapita hapohapo. Kinapochanika, kioo kinabana mno na mota itateseka. Nikiridhika na karatasi namwagia maji kwa mpira wa bustani, kutoka juu kuja chini kama mvua inavyonyesha, kijana wangu akiwa ndani na tochi. Mashine ya maji ya presha ya kuoshea magari siitumii kwa kipimo hiki, kwa sababu inapenyeza maji hata kwenye raba nzima. Mwisho ni mwendo: barabara ya Airport, vioo juu, redio imezimwa. Mluzi wa upepo karibu na sikio unakwambia bolti ipi uirudie.

Magari mengi ya aina hii yana jambo jingine tena. Ukivuta kitasa, kioo kinashuka kama sentimita moja kabla mlango haujafunguka, na ukifunga kinarudi kujibana kwenye raba. Kwa kuwa ulitoa betri, kompyuta ya gari inaweza kuwa imesahau mwisho wa kioo ulipo. Utaratibu unatofautiana kwa kila gari, lakini mara nyingi unashusha kioo mpaka chini, unakipandisha mpaka juu, na kuendelea kushikilia swichi sekunde kadhaa. Ukiruka hatua hiyo, kioo hakitashuka mlango unapofunguliwa, kitakwangua raba ya paa kila mara, na kwenye baadhi ya magari paa lenyewe litagoma kukunjika kwa sababu kompyuta haina uhakika kuwa vioo vimeshuka. Kile kitasa kikivutwa na kioo kisisogee hata baada ya kuseti, tazama swichi ndogo iliyo ndani ya kitasa au loki ya mlango. Hiyo nayo hujaa vumbi, na mara nyingi dawa ya kusafishia soketi za umeme inatosha kuirudisha kazini.