Si kila "statini" ni dawa ya kushusha lehemu

Katika maduka ya dawa ya Dodoma, kuanzia Majengo hadi Area C, si ajabu kumsikia mteja akiomba "statini" kana kwamba anataja dawa moja. Dhana hiyo ndiyo mzizi wa nyingine nyingi. Statini ni jina la ukoo wa dawa za kushusha lehemu, yaani kolesteroli, na ndani ya ukoo huo wamo atorvastatini, simvastatini, rosuvastatini, pravastatini na wengineo, kila mmoja akiwa na kipimo chake na masharti yake. (Kwenye boksi majina haya huishia na herufi n, hapa nimeyaandika jinsi tunavyoyatamka.) Miligramu 20 za rosuvastatini zina nguvu kubwa kuliko miligramu 20 za simvastatini, kwa hiyo anayesema "nipe statini ya 20" bado hajataja dawa yake.

Dhana inayonisumbua zaidi ni kwamba kila jina lenye mwisho huo hushusha lehemu. Mama yangu mdogo, mkazi wa Chamwino, alimtuma mjukuu wake amletee "ile statini" kutoka chumbani, naye mtoto akarudi na kichupa cha nistatini, dawa ya matone aliyopewa mdogo wake kwa ajili ya utando mweupe wa fangasi mdomoni. Mtoto hakukosea kusoma, kwa sababu majina hayo mawili huishia kwa herufi zilezile. Hata hivyo, asili zake ni mbali kabisa. Nistatini iligunduliwa na Elizabeth Hazen na Rachel Brown, watafiti wa idara ya afya ya jimbo la New York nchini Marekani, ikatangazwa mwaka 1950 na kupewa jina la jimbo hilo. Inaua fangasi, wala haigusi lehemu hata kidogo. Dawa za lehemu zilikuja baadaye, pale Akira Endo wa Japani alipopata ya kwanza ya aina hiyo kutoka kwenye kuvu katika miaka ya 1970.

Alama ya kuziaminia ni ndefu kidogo kuliko "statini". Shirika la Afya Duniani, ambalo lilichapisha orodha yake ya kwanza ya majina ya kimataifa ya dawa mwaka 1953, limezitengea dawa hizi mwisho wa "vastatini". Soma tena: ator-vastatini, sim-vastatini, rosu-vastatini. Nistatini haina silabi hiyo ya "va". Silabi moja tu, lakini ningependa kila familia yenye mgonjwa wa lehemu iijue.

Wapo pia wanaoamini kwamba boksi lenye jina tofauti lina dawa tofauti. Atorvastatini iliingia sokoni Marekani mwaka 1997 kwa jina la biashara la Lipitor, na hataza yake, yaani haki ya kuiuza peke yake, ilipokwisha nchini humo mwaka 2011, viwanda vingine navyo vikaanza kuiuza huko. Hivyo mgonjwa anaweza kupewa Lipitor mahali pamoja na atorvastatini mahali pengine, akameza zote mbili kila siku akidhani zinasaidiana, kumbe amejiongezea kipimo maradufu. Faida ya kufanya hivyo ni ndogo, kwani kuongeza kipimo mara mbili hushusha lehemu mbaya kwa takriban asilimia 6 zaidi tu, ilhali hatari ya madhara ya misuli hupanda. Anayepata maumivu ya misuli yasiyoelezeka, hasa yakiambatana na mkojo wenye rangi ya chai nzito, anapaswa kumwona daktari bila kuchelewa.

Jina la mtaani la statini, "dawa ya kukata mafuta", nalo limepotosha wengi. Limewafanya wengine waiombe kwa ajili ya kitambi, na wengine waimeze kabla ya kwenda kula nyama choma Msalato, kana kwamba inayeyusha mafuta yaliyomo tumboni. Haifanyi hivyo. Sehemu kubwa ya lehemu hutengenezwa na mwili wenyewe, hasa kwenye ini, na dawa hii huzuia kimeng'enya kinachohitajika katika utengenezaji huo. Ini likipungukiwa, huvuta lehemu mbaya kutoka kwenye damu. Uzito wa mwili haupunguzwi na kazi hiyo.

Hata neno "dozi" lina mtego wake. Tumezoea kumaliza dozi, kama ile ya dawa mseto ya malaria ya siku 3, kisha mambo yakaisha. Dawa hii haina siku ya kumaliza ya namna hiyo: majibu mazuri ya maabara huonyesha kwamba inafanya kazi, na mgonjwa akiiacha, lehemu hurudi ilipokuwa ndani ya wiki chache. Uamuzi wa kuiacha au kuibadilisha ni wa kuzungumza na daktari, na kwa mwanamke aliyeshika mimba mazungumzo hayo yasisubiri kliniki ijayo.

Mama mdogo sasa anatunza kipande cha boksi ndani ya kitambulisho chake cha kliniki, kile chenye jina halisi la dawa kwa maandishi madogo chini ya jina kubwa la biashara. Akienda dukani haombi kwa mdomo. Anakiweka juu ya kaunta na kusubiri muuzaji akisome.