Upinzani wa wenyeji dhidi ya mashamba ya upepo baharini una maana gani?

Shamba la upepo baharini ni kundi la mitambo ya kufua umeme inayosimikwa majini na kuunganishwa na nchi kavu kwa kebo zinazolazwa chini ya bahari. La kwanza duniani, Vindeby la Denmark, lilianza kazi mwaka 1991 likiwa na mitambo 11 tu. Upinzani wa wenyeji ni pale watu wa pwani husika, wawe wavuvi, wenye nyumba, wenye hoteli au jamii za asili, wanapoukataa mradi uliopangwa mbele ya pwani yao, ilhali wananchi wengi wa nchi hiyo hiyo wanaunga mkono umeme wa upepo. Pengo hilo kati ya kukubali kwa jumla na kukataa mahali maalumu ndilo linalofanya dhana hii istahili kuelezwa.

Maelezo yaliyozoeleka ni kwamba wenyeji ni wabinafsi: wanataka umeme safi, ila mitambo ikae mbele ya macho ya wengine. Wapo wa namna hiyo, sikatai. Lakini anayeishia hapo ataelewa kidogo sana, na mwekezaji anayeishia hapo atapoteza mradi.

Tazama Cape Wind. Mwaka 2001 kampuni moja ilitangaza mpango wa kusimika mitambo 170, ambayo baadaye ilipunguzwa hadi 130, katika Nantucket Sound, kwenye jimbo la Massachusetts, Marekani. Waliojitokeza kupinga ni pamoja na Seneta Ted Kennedy, ambaye familia yake ilikuwa na makazi pwani hiyo, na bilionea Bill Koch, aliyechangia fedha nyingi kwenye kampeni. Ni rahisi kuwaona matajiri hao na kufunga mjadala. Lakini walikuwepo pia Wawampanoag, wenyeji wa asili wa eneo hilo. Wao walisema ibada zao za kulipokea jua la asubuhi zinahitaji upeo wa bahari usiozibwa, na kwamba sakafu ya bahari pale ilikuwa nchi kavu zamani, wazee wao wakaishi na kuzikwa humo. Malalamiko ya aina mbili kabisa yalisimama upande mmoja. Serikali kuu iliidhinisha mradi mwaka 2010, kesi zikaendelea, na mwanzoni mwa 2015 makampuni ya umeme yaliyokuwa yameahidi kununua umeme huo yakavunja mikataba. Desemba 2017 mradi ukaachwa kabisa bila hata mtambo mmoja kusimama.

Kwa wavuvi suala si mandhari. Anayevuta wavu mzito unaokwaruza chini ya bahari hawezi kukata kona ghafla. Nyuma yake kuna kamba ndefu, mkondo unamsukuma, na pengine upepo umebadilika. Huko New England, kaskazini-mashariki mwa Marekani, mitambo imepangwa kwa umbali wa maili moja ya baharini kati ya mmoja na mwingine, na kwenye karatasi nafasi hiyo inaonekana kubwa. Kwa nahodha ndani ya ukungu, rada ikimwonyesha alama za uongo kwa sababu ya minara ya chuma, nafasi hiyo ni finyu. Wavu ukinasa kwenye kebo au kwenye mawe yaliyomwagwa kuilinda, anaweza kupoteza zana zote, na hata chombo kikawa hatarini. Kwa hiyo sheria inaweza kumruhusu kuvua humo, naye asithubutu. Katika ghuba ya Saint-Brieuc, Ufaransa, wavuvi wanaotegemea kombe, aina ya chaza, walipambana kwa miaka na mradi wa mitambo 62, na mwaka 2021 mashua zao ziliandamana baharini dhidi ya ujenzi. Mradi ulikamilika mwaka 2024.

Wakati mwingine ugomvi hauhusu hata mitambo. Shamba la South Fork liko mbali kiasi kwamba wakazi wa Wainscott, jimbo la New York, hawalioni. Walichokipinga mahakamani ni kebo kupita chini ya ufukwe na barabara za kijiji chao.

Hata hivyo, si kila hoja ya wapinzani ni ya kweli, na kuwaheshimu watu hakumaanishi kuyakubali yote wanayosema. Mfano ni nyangumi. Majira ya baridi ya 2022 kuingia 2023, nyangumi kadhaa walikutwa wamekufa kwenye fukwe za New Jersey na New York, na lawama zikaelekezwa kwenye meli zilizokuwa zikipima sakafu ya bahari kwa ajili ya miradi ya upepo. Ukweli ni kwamba vifo vya nyangumi wenye nundu kwenye pwani hiyo ya mashariki vilianza kuongezeka mwaka 2016. Kati ya mizoga iliyochunguzwa, takriban asilimia 40 ilikuwa na dalili za kugongwa na meli au kunaswa kwenye zana za uvuvi, na idara ya serikali inayosimamia bahari haikupata ushahidi wa kuhusisha vifo hivyo na upimaji. Kelele za kupigilia nguzo kweli zinawasumbua nyangumi, ndiyo maana wajenzi huzungushia eneo pazia la mapovu linalopunguza kelele majini na kusimamisha kazi nyangumi wanapoonekana karibu. Hilo ni jambo la kujadiliwa kwa uzito wake, bila kulichanganya na uvumi.

Kinachoamua zaidi, kwa maoni yangu, ni maswali mawili: nani aliulizwa mapema, na faida inakwenda wapi. Shamba la Middelgrunden, nje kidogo ya Copenhagen, mji mkuu wa Denmark, mitambo yake inaonekana waziwazi kutoka mjini. Mpango wa awali ulikuwa wa mitambo 27 katika mistari mitatu. Watu walipolalamika, ukapunguzwa hadi 20 katika mstari mmoja uliopinda, na nusu ya shamba ikamilikiwa na ushirika wa wanachama zaidi ya 8,000. Lilianza kazi mwaka 2000, nalo likawa mali ya watu wa mji. Ufaransa ina kodi maalumu ya mitambo ya baharini: nusu yake huenda kwa manispaa za pwani ambako mitambo inaonekana, na asilimia 35 kwa kamati za wavuvi. Fedha pekee hazimalizi kinyongo cha mtu aliyepuuzwa, lakini angalau anayebeba mzigo anaonja faida.

Na imani huendelea kupimwa hata baada ya ujenzi. Julai 2024, panga (bawa linalozungushwa na upepo) la mtambo mmoja wa Vineyard Wind, shamba la pwani ya Massachusetts, lenye urefu wa mita 107, lilivunjika na vipande vya povu na nyuzi za kioo vikatapakaa kwenye fukwe za Nantucket katikati ya msimu wa watalii. Fukwe zilifungwa kwa muda. Watu wa kisiwa walikasirishwa na uchafu, lakini walikasirishwa pia na kuchelewa kupewa taarifa. Mwaka uliofuata mtengenezaji wa panga, GE Vernova, alikubali kulipa kisiwa hicho dola milioni 10.5.