Nani anazitazama picha zetu? Majibu niliyompa shangazi

Kwenye shughuli za hina, kabla ngoma haijakolea, mtu mzima mmoja husimama akasema simu ziwekwe mikobani. Mabuibui yamevuliwa, nywele ziko wazi, bi harusi amekaa na kanga zake. Hayo si ya kutoka nje ya mlango. Na hakosi mmoja wa kupiga picha, "ya ukumbusho tu."

Baada ya harusi ya mwisho ya ukoo wetu hapa mjini, shangazi aliyekuja kutoka Wete aliniuliza tukiwa tunaosha masufuria: "Mwanangu, ni kweli wenye makampuni ya simu na mitandao wanakaa kutwa wanatazama picha zetu?" Watu wanajibizana sana juu ya hili, na nusu ya wanayoambizana si kweli.

Kukaa mtu ofisini akatazama picha moja baada ya nyengine, hapana. Kazi hiyo hufanywa na mashine. Mwaka 2009 Microsoft, pamoja na Profesa Hany Farid wa Chuo cha Dartmouth, Marekani, walitengeneza PhotoDNA, programu ya kutambua picha. Picha huondolewa rangi, hupunguzwa ikawa ya kipimo kimoja, hukatwa vipande vidogo vya mraba, kisha hupimwa mwanga unavyobadilika ndani yake. Kinachobaki ni msururu wa namba, mfano wa alama ya kidole. Alama hiyo hulinganishwa na za picha zinazojulikana tayari za watoto waliodhalilishwa kijinsia. Picha ya bi harusi haimo kwenye orodha ile, basi hupita. Mimi kazi hiyo naiunga mkono kwa moyo wote, maana picha za watoto wale huzunguka miaka na miaka.

Shangazi akashusha pumzi. Nikamwambia asubiri, kwa sababu wanaosema "mashine haiangalii picha mpya" nao wanakosea. Google ina mashine ya aina nyengine, iliyofunzwa kutambua picha ambazo hazijawahi kuonekana, na ikishuku, binadamu huitazama. Februari 2021, baba mmoja wa San Francisco alipiga picha sehemu za siri za mwanawe mdogo zilizokuwa zimevimba, ili daktari azione kabla ya kuzungumza naye kwa video. Simu ikazipandisha mtandaoni yenyewe. Siku mbili baadaye akaunti yake ikafungwa: barua pepe, picha za familia, hata namba ya simu. Polisi walichunguza wakaona hakuna kosa. Google haikumrudishia akaunti. Gazeti la New York Times liliieleza habari hiyo Agosti 2022.

Nafikiria mama wa Micheweni anayepiga picha ya mtoto mwenye upele mapajani ili amtumie ndugu yake aliye muuguzi Unguja. Nani kati yetu hajafanya hivyo? Hilo linanihangaisha kuliko mtu wa kuchungulia: kuhukumiwa na mashine, kisha ukakosa hata mlango wa kugonga ujieleze.

Wenye iPhone nao nimewasikia wakisema Apple inakagua picha zilizomo ndani ya simu. Ilitaka kufanya hivyo. Agosti 2021 ilitangaza mpango wa kulinganisha alama za picha ndani ya simu yenyewe, kwa picha zinazokwenda iCloud, yaani hifadhi ya mtandaoni ya Apple, na mtu asingeripotiwa mpaka zifike kama 30 zinazofanana na zile za orodha. Watu wakapinga mno. Septemba mpango ukaahirishwa, Desemba 2022 ukaachwa kabisa. Waliopinga hawakuwa wakiwatetea wahalifu. Hofu yao ilikuwa kwamba orodha ya leo ni ya watoto, na kesho serikali yoyote inaweza kuleta ya kwake. Sisi tuliofundishwa tangu chuo cha Kurani aya ya Suratun Nur, usiingie nyumba isiyo yako mpaka uombe ruhusa na utoe salamu, tunaielewa hofu hiyo bila kuelezwa sana. Hodi hupigwa hata kwenye nyumba isiyo na cha kuficha. Na Katiba ya Muungano, ibara ya 16, inampa kila mtu hifadhi ya maisha yake binafsi, familia yake na unyumba wake; haikumtaka kwanza aeleze ana siri gani.

"Lakini mimi natuma kwa WhatsApp, nimeambiwa imefungwa," akasema shangazi. Njiani, ndiyo, imefungwa tangu 2016: haionwi ila na anayetuma na anayetumiwa. Ikifika, picha hutua kwenye galari ya aliyetumiwa, na kama simu yake imewekwa kuhifadhi faili hilo mtandaoni, inapanda huko bila wewe kujua. Nakala za mazungumzo zinazohifadhiwa mtandaoni nazo zinaweza kufungwa tangu 2021, ila lazima uwashe mwenyewe kwenye mipangilio.

Kufuta nako si kufuta mara moja. Google Photos huweka picha iliyokwisha kupandishwa kwenye pipa la taka siku 60, iPhone siku 30. Na kabla ya kumwachia fundi wa Darajani simu pamoja na namba ya siri, kumbuka umempa galari nzima.

Tulifuta mikono, tukakaa kwenye mkeka na simu yake. Uhifadhi wa mtandaoni ulikuwa umewashwa, na faili la picha za WhatsApp limo. Tukalizima. Tukapitia zilizokwisha kupanda, tukakuta tatu za usiku wa hina, bi harusi kichwa wazi. Shangazi akazifuta, tukaingia na kwenye pipa tukalimwaga. Kisha akampigia aliyezipiga, akamwambia kwa upole: "Mwanangu, zile picha za mwenzio, na wewe zitoe."